Kompyuta ikikubali kode na kumurudisha mutu ku mulango: mbele ya kuformata, dosie zingali ndani

Inatokeaka sana asubuhi, kiisha usiku ambamo umeme ulikatika mara tatu ao ine. Katibu wa kituo cha afya anawasha kompyuta ya kazi, ile yenye Ubuntu. Anafinya juu ya jina lake, anaandika neno la siri, anafinya Entrée. Ekrani inakuwa nyeusi kwa sekunde mbili, kisha, pahali pa kuona dosie zake, anaona tena ekrani ileile ya mwanzo, yenye jina lake, inamungojea aandike kode. Anaandika tena polepole, herufi kwa herufi. Matokeo ni yaleyale.

Fundi anaitwa. Kwa mafundi wengi wa muji jibu liko tayari mbele hata ya kukaa: « Système imekufa, tuformate tu. » Kiisha masaa mawili mashini inawaka muzuri sawa mupya. Na iko tupu sawa mupya. Rejista ya chanjo, orodha ya wagonjwa ya miezi mingi, ripoti iliyopaswa kutumwa ku zone de santé, vyote vimeenda. Ku masomo zinakwenda poa za wanafunzi, ku parokia zinakwenda kumbukumbu za ndoa na ubatizo, ku radio zinakwenda emisio za zamani ambazo hakuna mutu atazirekodi tena.

Jambo linalouma ni kwamba, mara mingi, hakuna dosie hata moja iliyokuwa imepotea mbele ya kuformata. Kompyuta inayokubali kode na kumurudisha mutu ku mulango iko na ugonjwa unaojulikana, wenye sababu chache tu, na sehemu kubwa ya sababu hizo zinatengenezwa kwa kuandika mustari mumoja ao miwili, bila kutumia mega za intaneti.

Sentinele na funguo ya nyumba

Ubuntu ni mojawapo ya sura za Linux, programu ya kuendesha kompyuta ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika katika Finlande mwaka wa 1991 na ambayo kila mutu ana haki ya kuitumia, kuikopi na kuibadilisha. Ubuntu yenyewe ilitoka mwaka wa 2004, chini ya Mark Shuttleworth, mwenyeji wa Afrika ya Kusini, na kampuni yake Canonical. Jina linatoka katika luga za kusini mwa Afrika na maana yake ni utu. Wanaosema Kinyarwanda wanasikia ndani yake kitu kingine tena, kwa sababu kwao « ku buntu » ni bure, na kweli haiuzwi. Ndiyo maana inapatikana ndani ya kompyuta nyingi za zamani ambazo hazina nguvu ya kubeba Windows ya sasa, na pahali ambapo watu walichoka na virusi vya Windows vinavyosafiri kutoka flashi moja mupaka ingine.

Ili kuelewa ugonjwa wa mulango, inafaa kuona namna mulango unavyofanya kazi. Ile ekrani yenye jina na pahali pa kuandika kode ni programu ya peke yake. Katika Ubuntu ya kawaida inaitwa GDM. Katika Xubuntu na Linux Mint inaitwa LightDM. Kazi yake ni sawa na ya sentinele wa parsele, na iko na sehemu mbili. Kwanza anachunguza kama mutu ni yule anayesema. Kisha anamufungulia, na yule mutu anaingia ndani ya nyumba, anawasha taa, anafungua madirisha. Hiyo sehemu ya pili ndiyo wanaita sesioni.

Sesioni inaendeshwa kwa jina la mwenye kuingia, hapana kwa jina la sentinele. Inapoanza, inapaswa kuandika vitu vidogo-vidogo ndani ya dosie yake: rangi ya ekrani, programu zilizofunguliwa jana, alama ya kuonyesha kwamba nyumba iko na mutu. Tuseme katibu wetu anaitwa « kituo » ndani ya kompyuta. Vitu hivyo vinaandikwa ndani ya dosie /home/kituo. Kama nafasi ya kuandika haiko, ao kama ruhusa haiko, sesioni inakufa palepale. Sentinele anaona nyumba haina mutu, anafunga mulango, anasimama tena pahali pake. Kwa mwenye kukaa mbele ya ekrani, inaonekana sawa vile kode imekataliwa, na hapo ndipo hesabu inaharibika: anapoteza siku nzima akitafuta kode ingine wakati kode yake iko muzuri.

Kwa hiyo ulizo la kwanza ambalo fundi muzuri anauliza ni hili: mashini inasema kwamba kode ni mubaya, ao inanyamaza na kurudisha mutu? Kama inaandika chini ya kode kwamba haikufaa, tatizo liko ku sentinele. Kama ekrani inakuwa nyeusi kidogo na kurudi bila kusema neno, sentinele alikubali. Tatizo liko ndani ya nyumba.

Kode inapokataliwa: kuangalia klavie kwanza

Katika Kongo klavie nyingi ni AZERTY, sawa za Wafaransa na Wabelgiji, lakini kompyuta zinazopita Dubai, Kampala ao Nairobi zinakuja na QWERTY, na mara mingi aliyeweka Ubuntu aliacha klavie ya Kiingereza bila kuangalia. Mutu anapokuwa ndani ya sesioni yake anabadilisha klavie na kuendelea na kazi. Lakini badiliko hilo ni lake peke yake. Sentinele ku mulango anaweza kubaki na klavie ya zamani.

Matokeo yake ni haya. Mutu mwenye klavie ya AZERTY anaandika « amani ». Kompyuta inayofikiri kwamba klavie ni QWERTY inasoma « q;qni ». Akiongeza tarakimu za juu, ambazo ku AZERTY zinatoka kwa kufinya Maj, 2 inakuwa @. Na kwa sababu kode inafichwa kwa vidoto, hakuna anayeona kitu. Wako watu waliobadilisha kode mara tatu kwa sababu ya ile « q ».

Kujihakikishia ni kazi ya nusu dakika. Ku ekrani ya Ubuntu, kando ya pahali pa kode, kuko alama ya jicho. Ukiifinya, herufi zinaonekana (muzuri kuangalia kwanza nani amesimama nyuma). Juu ya ekrani, upande wa kuume, kunaweza kuonekana « fr » ao « en », na hapo klavie inabadilishwa. Vilevile, taa ya Verr Maj isiwake, na kwa wanaoandika tarakimu kwa vitufe vya kando, Verr Num ndiyo ipaswe kuwaka. Kisha, mara mutu ameingia, anafungua terminali na kuandika mustari huu, unaobadilisha klavie ya mashini nzima, sentinele pamoja naye:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Kama klavie iko sawa na kode imesahauliwa kweli, bado hakuna sababu ya kuformata. Mashini inawashwa, na palepale mutu anafinya Maj (ku mashini za zamani) ao Echap mara moja (ku zile za sasa) mupaka orodha yenye mandishi « Options avancées » itokee. Ndani yake anachagua mustari wenye « recovery mode », kisha mustari wa root. Hapo anaandika:

mount -o remount,rw /
passwd kituo

Mashini itauliza kode mupya mara mbili. Herufi hazitaonekana hata kidogo wakati wa kuandika, hata vidoto. Wengi wanafikiri klavie imekufa, kumbe ndivyo ilivyo. Kisha mutu anaandika reboot na anaingia na kode mupya. Siku za kwanza, Ubuntu inaweza kuomba kode ya « trousseau », ni kusema sanduku ambamo Chrome na programu zingine zinaweka maneno ya siri. Sanduku hilo lingali na kode ya zamani. Asiyeikumbuka atalazimika kuanza sanduku mupya na kuandika tena yale maneno ya siri, lakini dosie zake za kazi hazimo ndani yake na haziguswi.

Mutu yeyote anayesoma mistari hiyo kwa uangalifu ataona jambo lingine: kama katibu anaweza kubadilisha kode bila kujua ya zamani, mwizi naye anaweza. Kode ya mulango inazuia mupita-njia, haizuii mutu aliyebeba mashini na kwenda nayo kwake. Kwa kituo kinachoandika majina ya wagonjwa, ao kwa shirika linalosikiliza watu waliotendewa jeuri, ulinzi wa kweli ni kufunga diski nzima kwa kode yake ya peke yake, jambo ambalo Ubuntu inapendekeza wakati wa kuiweka. Lakini hapo hakuna mulango wa nyuma. Kode ya diski ikipotea, dosie zimepotea, na hakuna fundi wa Bukavu wala wa Ulaya atakayezifungua. Kode ya namna hiyo inaandikwa ku karatasi na kufungwa pahali pengine, mbali na mashini.

Kode inapokubaliwa: kupita kwa mulango wa kando

Turudi ku ugonjwa wenyewe, ekrani nyeusi na kurudi. Linux iko na mulango wa kando usio na picha wala rangi. Ku ekrani ya kuingia, mutu anafinya vitufe vitatu kwa pamoja: Ctrl, Alt na F3 (ku laptopu zingine anaongeza Fn). Ekrani nyeusi yenye mandishi inatokea na kuuliza jina, kisha kode. Jina linaonekana linapoandikwa, na hilo lenyewe ni musaada: kama « amina » inatoka « q;inq », tayari imejulikana kwamba klavie ndiyo ilikuwa inasumbua.

Kama mutu ameingia kupitia mulango huo, anaweza kupumua. Kode yake ni ya kweli, mashini ni nzima, na akiandika ls ataona majina ya dosie zake. Kurudi ku ekrani ya kawaida ni Ctrl, Alt na F1. Lakini mbele ya kurudi, ulizo la kwanza ni la nafasi:

df -h

Mistari inatoka mingi. Ule wa maana ni wenye alama / peke yake ku mwisho. Kama pale pameandikwa 100%, sababu imepatikana: diski imejaa, na sesioni haina hata pahali pa kuandika jina lake.

Wengi wanakataa kusadiki. Wanasema: kama diski imejaa, namna gani mashini inawaka mupaka ku mulango? Jibu ni kwamba Linux, kwa kawaida, inaficha sehemu ya 5% ya diski kwa ajili ya mukubwa wa mashini, anayeitwa root. Mutumiaji wa kawaida hana ruhusa ya kuigusa. Sentinele na programu za ndani, ambazo ziko chini ya mukubwa, zingali na pahali pa kuandika, katibu hana. Kwa hiyo kila kitu kinaonekana kizima mupaka mutu anapojaribu kuingia.

Ku radio jambo hili linatokea upesi kuliko pengine. Saa moja ya sauti ya stéréo katika WAV, kwa ubora wa CD, inakula karibu mega 635. Saa ileile katika MP3 ya kilobiti 128 inakula mega 58 hivi. Studio inayorekodi masaa mawili kila siku katika WAV inamaliza diski ya giga 250 mbele ya mwaka kuisha, bila kuhesabu video za telefone zilizotupwa mule. Na kutupa dosie ndani ya corbeille hakuongezi nafasi: dosie zinahama tu kutoka chumba kimoja kwenda kingine cha nyumba ileile.

Mistari miwili inatosha mara mingi ili kupata nafasi ya kuingia. Wa kwanza unafuta mafurushi ya programu ambayo Ubuntu ilipakua na kuyaweka hata kiisha kuyatumia. Wa pili unapunguza daftari ambamo mashini inaandika mambo yake ya kila siku:

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

Kiisha hapo df -h inaandikwa tena. Ikishuka hata mupaka 98%, mutu anarudi ku ekrani ya kawaida, anaingia, na kazi ingine (kumwanga corbeille, kuhamisha emisio ku diski ya inje) anaifanya na surisi, bila haraka. Kama ingali 100%, kitu kimoja kikubwa kitafutwa kwa rm na jina lake kamili, kile tu ambacho kopi yake iko pahali pengine. Mutu asikubali mistari ya rm yenye nyota ambayo mwingine anamutumia ku WhatsApp. Kosa la nafasi moja kati ya alama mbili linaweza kufuta dosie nzima, na ku mulango wa kando hakuna corbeille.

Muhuri wa mukubwa

Sababu ya pili inatoka kwa neno sudo, lile lililoonekana juu. Kuandika sudo ni sawa kuazima muhuri wa mukubwa: kazi inafanyika kwa jina lake. Kwa kuweka programu ao kutengeneza mashini, ndivyo inavyopaswa. Lakini kuko watu ambao, kila kitu kikikataa, wanaongeza sudo, hata kwa kufungua programu ya kuandika barua. Programu hiyo inafunguka kwa jina la mukubwa, na vitu vidogo inavyoandika ndani ya /home/kituo vinakuwa mali ya root. Kesho yake katibu anapoingia, sesioni inataka kuandika juu ya karatasi ambayo si yake tena, na inaambiwa « Permission non accordée ».

Ku mulango wa kando, mustari huu unaonyesha nani mwenye kila kitu, hata vile vilivyofichwa, ambavyo majina yao yanaanza na kidoto:

ls -la /home/kituo

Kila mustari ungepaswa kuandikwa « kituo kituo ». Mustari wa kwanza wenye vidoto viwili peke yake (..) unaachwa, ule ni wa mukubwa kwa haki. Lakini kama root inaonekana kando ya .config, .cache, .ICEauthority ao, ku Linux Mint na Xubuntu, .Xauthority, ugonjwa umejulikana. Dawa ni kurudisha mali kwa mwenyewe:

sudo chown -R kituo:kituo /home/kituo

Jina linaandikwa mara tatu na linapaswa kuwa lilelile. Mustari huo usiandikwe hata siku moja na alama / peke yake ku mwisho, kwani hapo mashini nzima inapewa kwa katibu na haitawaka tena muzuri. Iko pia desturi ya kuandika chmod 777 juu ya kila kitu ili « ruhusa ziishe kusumbua ». Ni sawa kutoa milango yote ya parsele kwa sababu funguo moja ilipotea.

Umeme ulipokatika katikati ya kazi

Ubuntu inajifanyia mabadiliko, na inapokuwa inabadilisha programu zake umeme ukikatika, zingine zinabaki nusu: zimefunguliwa, hazijapangwa. Asubuhi mulango unafunguka, nyumba haina sakafu. Mustari huu unamwambia kompyuta amalizie kazi aliyoiacha, na kwa kuwa mafurushi yalikwisha kupakuliwa, mara mingi hauombi intaneti:

sudo dpkg --configure -a

Pengine umeme umeumiza diski yenyewe, ni kusema utaratibu wa mandishi juu yake. Hapo mashini haifiki hata ku mulango. Inasimama ku ekrani nyeusi yenye neno (initramfs) na kusema kwamba fsck ifanywe kwa mukono. Inataja pia jina la sehemu yenye kuumia, mufano /dev/sda2. Mutu anaandika fsck -y /dev/sda2 (na jina lile lile alilolisoma, hapana la mufano), anangojea, kisha reboot. Kama jambo hili linarudi kila juma hata siku ambazo umeme haukukatika, diski inazeeka, na kazi ya haraka ni kutoa dosie mbele ya kutengeneza kitu chochote.

Ku kompyuta zingine sababu ni picha tu. Tangu Ubuntu 21.04, ekrani inachorwa na chombo kinachoitwa Wayland pahali pa kile cha zamani, Xorg, na kadi za picha za zamani zinaweza kukisumbukia. Kiisha kufinya jina, kunaonekana chini upande wa kuume alama ya gurudumu lenye meno. Hapo mutu anaweza kuchagua « Ubuntu sur Xorg » na kujaribu. Katika 22.04 na 24.04, ambazo ndizo nyingi ku maofisi, chaguo hilo liko. Katika 25.10 limeondolewa.

Na kama hakuna hata moja ya hizo, kuna jaribio linalotenganisha mashini na mutu wake: kuumba mutumiaji mwingine.

sudo adduser mugeni

Mugeni akiingia bila tatizo, kompyuta nzima iko na afya, na kilichoharibika kiko ndani ya /home/kituo, mara mingi mustari mubaya ulioongezwa ndani ya .profile ao mapendeleo ya ekrani yaliyovunjika. Kazi ya siku hiyo inaweza kuendelea kwa jina la mugeni wakati fundi anatafuta. Mugeni naye akirudishwa, tatizo ni la mashini yote, na ndipo mazungumzo juu ya kuweka Ubuntu upya yanaanza kuwa na maana.

Flashi mbele ya kuformata

Hata hapo, kuna kazi moja ambayo fundi hana ruhusa ya kuiruka. Flashi ileile inayotumiwa kuweka Ubuntu inaweza kuwasha kompyuta bila kugusa diski. Mashini inawashwa na flashi, kitufe cha kuichagua kikiwa F12, F9 ao Echap kulingana na aina, na pale inapouliza, mutu anachagua « Essayer Ubuntu », hapana « Installer ». Ekrani ya kawaida inatokea. Diski ya ndani inaonekana kando, na ndani yake home, kisha kituo. Dosie zinakopiwa ku diski ya inje. Zikikataa kufunguka kwa sababu ya ruhusa, terminali na sudo cp -r zitazikopi. Kama diski ilifungwa kwa kode yake, itaombwa hapo.

Kazi hiyo inaomba saa moja ao mbili, na mafundi wengine wanaikwepa kwa sababu mukubwa wa ofisi analipa kuformata, halipi kungojea. Bei ipangwe mbele ya kazi: feza za kutoa dosie na feza za kuweka système ni vitu viwili. Mwenye mashini afungue yeye mwenyewe barua mbili tatu na rejista moja ku diski ya inje, ku kompyuta ingine, mbele ya kusema ndiyo.

Shida ya hapa kwetu ni kupata flashi yenyewe. Ubuntu 24.04 inapita giga 5 za kupakua, na kwa mega za telefone ni feza mingi. Wengi wanaipata kwa kukopi kutoka kwa mutu mwenye intaneti ya ofisi ao ya chuo, jambo ambalo sheria ya Ubuntu inaruhusu wazi. Flashi ya giga 8 inatosha, na moja inaweza kuhudumia avenue nzima. Kwa mashini zenye giga 2 za memoire, Lubuntu na Xubuntu ni nyepesi na zinafanya kazi hiyo hiyo ya kutoa dosie. Inafaa flashi ijaribiwe ku kila mashini ya ofisi wakati kila kitu kingali kizima, kwa sababu zingine zinakataa kuwaka nayo mupaka mpangilio ubadilishwe ndani ya BIOS, na jina la kitufe cha kuifungua liandikwe ku karatasi na kubandikwa chini ya mashini.